Edward McCabe, karani wa miji iliyotoweka

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wamekwisha kusikia habari za Wamarekani Weusi waliopigania haki zao katika majimbo ya Kusini. Wachache wanajua kwamba wengine walikwenda katika nyika tambarare za magharibi wakajenga miji yao wenyewe. Miji mingi ya aina hiyo haipo tena. Aliyesifika sana katika juhudi hizo ni Edward McCabe, na maisha yake hayawezi kusimuliwa pasipo kusimulia jinsi miji hiyo ilivyokufa.

McCabe alizaliwa mwaka wa 1850 mjini Troy, katika jimbo la New York. Alianza maisha kwa ukarani, kwanza New York kisha Chicago, alikofanya kazi katika ofisi ya hazina. Mnamo 1878 alifunga mizigo yake akaenda Nicodemus, wilaya ya Graham, katika jimbo la Kansas.

Mji huo ulikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Walowezi wake, wengi wakitoka Kentucky, walikuwa wameonja utumwa kabla haujafutwa mwaka wa 1865. Walikuwa wameahidiwa nchi ya neema, lakini walipofika walikuta nyasi na upepo, na miti ya kujengea ni adimu. Baadhi yao walirudi walikotoka. Waliobaki walichimba ardhi wakaishi ndani ya mashimo hayo, na wakati wa baridi wenyeji wa asili wa kabila la Osage, waliokuwa wakirudi mawindoni, waliwagawia nyama.

Mahali kama hapo, ajuaye kuandika na kuhesabu ni mtu mkubwa. McCabe alifungua ofisi ya kuwasaidia watu kupata mashamba. Wilaya ilipoundwa rasmi mwaka wa 1880, gavana alimteua kuwa karani wa muda, na mwaka uliofuata wapiga kura wakamthibitisha. Ofisi za wilaya zilikuwa katika mji wa Millbrook. Mwaka wa 1882 alichaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, ambako Wazungu walikuwa wengi kuliko Weusi kwa mbali. Alichaguliwa tena mwaka wa 1884, lakini miaka miwili baadaye chama chake kilimnyima nafasi ya tatu.

Nyuma yake, miji ya Graham ilikuwa ikielekea ukingoni. Mwaka wa 1887 kimbunga kiliibomoa Millbrook, na mwaka uliofuata makao ya wilaya yakawa Hill City. Millbrook haikuinuka tena. Nicodemus haukupigwa na kimbunga, bali ulikosa reli. Wakazi wake walikuwa wamekubali kujitwisha deni la dola 16,000 ili kuivuta reli hiyo, lakini mnamo 1888 njia ya garimoshi ilipitishwa ng'ambo ya pili ya mto. Wenye maduka waliifuata riziki iliko. Wengine walizikokota hata nyumba zao kuzipeleka Bogue, kituo kipya cha reli. Ulioachwa na garimoshi nyikani huwa umekwisha kuhukumiwa.

McCabe hakukata tamaa. Mwaka wa 1890 alikwenda Oklahoma, akashiriki kuanzisha mji wa Langston, na kwa gazeti lake akawaita Weusi kutoka Kusini. Shabaha yake ilikuwa kwamba wakifika wengi wa kutosha, kura zao zingewapa jimbo la kujitawala. Haki ni haki, na tuseme pia kwamba alikuwa mwuza viwanja aliyepata faida, na kwamba baadhi ya waliomwitikia walifika mikono mitupu wakateseka. Lakini yeye mwenyewe aliiamini ndoto aliyoiuza. Alishika cheo cha naibu mkaguzi wa hesabu hadi mwaka wa 1907, Oklahoma ilipofanywa jimbo kamili.

Sheria ya kwanza ya jimbo hilo jipya ilikuwa ya kuwatenga Weusi na Wazungu katika magarimoshi. Hapo ndipo reli ilipomrudia McCabe kwa sura nyingine. Zamani ilimkwepa, sasa ilikuja na ubaguzi ndani yake. Yeye na wenzake walishtaki, na kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka wa 1914 majaji walikiri kwamba kumnyima abiria behewa zuri kwa sababu Weusi wanaolihitaji ni wachache si halali. Hata hivyo waliitupa kesi, kwa kuwa walalamikaji hawakuonyesha kwamba wao wenyewe waliomba nafasi wakanyimwa.

McCabe alifariki Chicago mwaka wa 1920, akiwa maskini, akazikwa Topeka, makao makuu ya Kansas, alikokuwa zamani akikagua hesabu za serikali.

Dunia ni nyumba ya kupita, lakini si kila kitu kilipita. Langston ungalipo, pamoja na chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka wa 1897. Nicodemus una wakazi wachache sana, na tangu 1996 serikali ya Marekani inauhifadhi kuwa mahali pa kihistoria. Kila mwisho wa Julai wajukuu na vitukuu vya wale waliolala mashimoni hurudi kutoka mbali, wakala na kuomba pamoja. Reli iliukwepa mji ule, lakini watu wake hawajausahau.