Munganga Eduard Zirm na jicho la kibarua

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama na watoto mulio nyumbani, leo tuongee juu ya maisha ya Eduard Zirm, munganga wa macho wa zamani. Waganga wa macho wa dunia nzima wanamujua. Sisi watu wa mine pia inafaa tumujue, kwa sababu mugonjwa aliyemuletea sifa hakuwa mukubwa wala tajiri. Alikuwa kibarua.

Zirm alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1863, na kule kule alisomea kazi ya uganga. Mwaka 1892 alipewa kuongoza sehemu ya macho ku lopitalo ya Olomouc. Muji huo ulikuwa wakati ule chini ya mfalme wa Austria. Leo uko katika nchi ya Cheki.

Mwaka 1904 kibarua mmoja, Alois Glogar, aliingiwa na chokaa katika macho yote mawili. Wale wanaoshika chokaa ku mitambo ya shaba hapa kwetu wanaijua vizuri: haichomi mara moja na kuachia hapo, inaendelea kula. Macho yake yakageuka meupe. Na mutu anayeishi kwa mikono yake, asipoona, posho itatoka wapi?

Kilichoharibika ni kornea. Hii ni sawa kioo cha saa, inafunika jicho kwa mbele. Nyuma yake jicho linaweza kuwa zima kabisa, lakini kioo kikifungwa mwangaza hauingii.

Kabla ya Zirm, waganga wengi walijaribu kuweka kornea za wanyama, hata za sungura. Hazikudumu safi. Mujerumani Arthur von Hippel alikuwa ametengeneza kisu cha muviringo chenye kuzungushwa na mashini ya ndani sawa ile ya saa, ili kikate duara bila mukono kutetemeka. Zirm alikuwa na kisu hicho. Kilichokosa ni kornea ya mutu.

Ilipatikana kwa musiba wa mwingine. Mutoto mwanamume wa miaka 11 aliletwa ku lopitalo na vipande vya chuma ndani ya jicho. Haikuwezekana kuliokoa, lilipashwa kutolewa. Lakini kornea yake ilikuwa ingali safi, na baba ya mutoto alikubali itumike kwa Glogar.

Njo tarehe 7 Desemba 1905 Zirm alikata katika kornea ile vipande viwili vya duara, kila kimoja cha upana wa milimita 5. Alivilinda katika kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, akaviweka katika macho ya Glogar, kiisha akapitisha nyuzi juu yake ili visitoke. Jicho la kuume halikufaulu. La kushoto lilishika, kipande kikabaki safi, na Glogar akarudi ku kazi. Mwaka 1906 Zirm aliandika habari yote kwa waganga wenzake: usafi mukali, usingizi muzito wa mugonjwa, na kornea ya mutu, siyo ya munyama. Tena kornea haina mishipa ya damu, kwa hiyo mwili hauikatai mbio sawa viungo vingine.

Zirm alibaki Olomouc, na kule alikufa mwaka 1944.

Leo, ku lopitalo kubwa za ng'ambo, kisu cha duara kinaweza kuachia nafasi leza, yaani mwangaza unaokata. Unapiga kwa muda mufupi sana, hata jicho halipate kuungua pembeni. Mashini inakata kornea ya mwenye kutoa na ile ya mugonjwa kwa umbo moja, tena kwa ngazi ngazi, hivi kipande kinaingia sawa mbao mbili ambazo seremala amezichonga zishikane. Kidonda kinakuwa na nguvu zaidi.

Lakini ndugu zangu, leza haitengenezi kornea. Hata leo inatoka kwa mutu, mara nyingi marehemu ambaye yeye mwenyewe ao jamaa yake walikubali, sawa vile yule baba alikubali. Na lopitalo yenye kufanya kazi hiyo iko mbali na kambi zetu, mbali pia na mushahara wetu.

Basi tulinde kornea tulizo nazo. Chokaa ikiingia katika jicho, usingoje gari wala kapita: osha palepale kwa maji mengi safi, dakika 20 ao zaidi, kope zikiwa wazi, kiisha njo uende kwa munganga. Na katika mazungumzo ya sendika na wakubwa wa kazi, tuombe miwani kwa kila mutu na bomba la kuoshea macho karibu na kila mahali pa chokaa na asidi. Glogar alipata jicho moja kati ya mawili, na hilo moja lilitoka kwa mutoto.