Kakungulu, jemadari aliyerudi nyuma chini ya Mlima Elgon

BUDONDO, Jinja – Ukitoka Budondo, kando ya Mto Nile, ukapita Iganga na Tirinyi hadi Mbale, unafuata njia ya maisha ya Semei Kakungulu. Wengi humkumbuka kama mtu wa bunduki na ngome. Wachache husimulia jinsi alivyojitenga kila alipobanwa, na alichokiona akiwa huko pembeni.

Alizaliwa Koki mwishoni mwa miaka ya 1860, akaingia Buganda kijana, akajulikana kwa kuwinda tembo na kupigana katika vita vya dini. Akapata cheo cha Kimbugwe, kimoja cha vyeo vikubwa vya jumba la Kabaka. Lakini zizi moja lilikuwa na mafahali wawili: yeye na Katikiro Apolo Kagwa. Katikati ya miaka ya 1890 Kakungulu aliuachia mji mkuu mpinzani wake, akaenda kutawala Bugerere. Kule aliona kitu ambacho wakuu wa Mengo, wakishindana mlangoni pa Kabaka, hawakukijali: ng'ambo ya Nile kulikuwa na nchi pana.

Mwaka 1899, baada ya kushiriki kukamatwa kwa Kabalega na Mwanga huko Lango mwezi Aprili, aligeukia mashariki. Akajenga ngome hadi Teso na Bukedi, makao yake yakiwa Budaka. Tusimpambe: wenyeji walitekwa kwa nguvu, na wasimamizi wake Waganda waliacha machungu mengi.

Alitumaini Waingereza wangemtambua kuwa mfalme wa nchi hizo. Mwaka 1902 wakamnyang'anya Budaka. Huo ndio wakati mgumu kuliko yote maishani mwake. Alikuwa na bunduki, alikuwa na watu, na alikuwa na sababu ya kukasirika. Hakufyatua risasi. Akapokea maili 20 za mraba za ardhi, akahama na wafuasi wake hadi Mbale, na hapo akaanza kupanda migomba na kunyoosha barabara zilizopandwa mivule kandokando. Soko likachangamka, wafanyabiashara wakaja, na muda si mrefu serikali yenyewe ikaliacha boma la Budaka na kuhamia Mbale. Aliyefukuzwa akafuatwa na waliomfukuza.

Mwaka 1906 Waingereza walimpeleka Jinja kuwa rais wa baraza la Busoga. Hiyo nayo ilikuwa njia ya kumtoa kwa watu wake. Miaka saba aliketi na machifu wa Busoga, kila mmoja akiwa na ukoo na enzi yake, ambao hawakuwa wamemwita. Kazi iliendelea, mwaka 1912 reli ya Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa. Lakini ndoto ya ufalme ilikuwa imekwisha, na mwaka 1913 akarudi Mbale.

Safari hii alirudi nyuma zaidi. Alijiunga na kundi la Malaki, wafuasi waliokataa dawa za hospitali, na hapo akagongana na serikali iliyotaka ng'ombe wachanjwe. Akahamia Gangama, miteremkoni mwa Mlima Elgon, akajifungia na Biblia. Kwa mtu aliyeamuru majeshi, naona huo ulikuwa ujasiri wa aina yake: kukaa chini na kusoma, ukijiuliza upya unachokiamini.

Kadiri alivyosoma Agano la Kale ndivyo alivyoona kwamba amri za Musa hazijafutwa. Wenzake wa Malaki walipompinga kuhusu tohara kwa kusema hiyo ni desturi ya Wayahudi, aliamua kuwa basi yeye na watu wake ni Wayahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akiwa na umri wa miaka 50 hivi. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha Kiganda chenye mafundisho kwa wafuasi wake, na mwaka 1926 Myahudi aitwaye Yusufu aliishi nao miezi kadhaa, akawafundisha kalenda na sheria za chakula.

Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa Gangama. Ngome zake zimebomoka. Jumuiya yake, Abayudaya, ilipigwa marufuku kuabudu wakati wa Idi Amin, na leo bado inakusanyika kila Sabato kwenye kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya Mbale.