Emily Brontë, Mtembezi wa Nyanda za Upepo

Ninyi askari na polisi mzijuao doria ndefu, leo twawaletea habari za mwanamke aliyependa kutembea. Emily Brontë, binti wa kasisi, alizaliwa Yorkshire, Uingereza, mwaka 1818. Nyuma ya nyumba yao kijijini Haworth zilianza nyanda za juu zisizo na miti, zenye upepo mkali na matope meusi; huko alizunguka na mbwa wake mkubwa, Keeper. Mwaka 1835 alipelekwa shule ya bweni, akadhoofu hata ikabidi arudishwe baada ya miezi michache.

Wapo wamwonao mnyonge, sisi hatukubali. Yasimuliwa kwamba aliumwa na mbwa aliyedhaniwa kuwa na kichaa, akalichoma jeraha mwenyewe kwa chuma cha moto, asimwambie mtu mpaka hatari ilipopita.

Nyanda zile ndizo zilizojaa katika riwaya yake ya pekee, Wuthering Heights, iliyotoka mwaka 1847 kwa jina la kubuni, Ellis Bell. Mwaka uliofuata alishikwa na kifua kikuu. Alimkataa daktari hadi siku ya mwisho, tarehe 19 Desemba, akiwa na umri wa miaka 30. Keeper alifuatana na waombolezaji mazikoni.