Alan Walsh, aliyepima madini kwa mwanga uliomezwa

Wasikilizaji wetu wa Kilosa na Mikumi hutuuliza mara kwa mara: jiwe hili lina dhahabu au halina? Jicho peke yake halitoshi kujibu. Mwamba wenye gramu 3 za dhahabu kwa tani moja unaweza usioneshe hata punje, na jiwe linalong'aa likawa ni chuma na salfa tu. Njia mojawapo ya kupata jibu kwa tarakimu tumeachiwa na mwanafizikia Alan Walsh.

Walsh alizaliwa tarehe 19 Desemba 1916 huko Lancashire, Uingereza, akasoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Manchester. Mwaka 1946 alihamia Melbourne, Australia, kwenye taasisi ya utafiti ya serikali ambayo baadaye iliitwa CSIRO.

Enzi hizo wataalamu waliichoma sampuli na kupima mwanga uliotoka, kwa kuwa kila metali ina rangi yake. Lakini ndani ya moto, atomu zinazotoa mwanga ni chache mno, nyingi zimetulia. Jumapili moja ya mwaka 1952, akiwa bustanini kwake, Walsh aligeuza swali: kwa nini tusipime mwanga unaomezwa na hizo zilizotulia? Kesho yake alijaribu kwa sodiamu, na kabla ya chai ya asubuhi jibu lilikuwa limepatikana.

Njia yenyewe ni hii. Jiwe husagwa, huyeyushwa kwa asidi, kisha maji yake hupuliziwa kwenye moto. Taa yenye metali inayotafutwa humulika kupitia moto huo: ukitafuta shaba, taa ya shaba; ukitafuta risasi, taa ya risasi. Kadiri mwanga unavyopungua ukivuka moto, ndivyo metali hiyo ilivyo nyingi.

Hata hivyo, Walsh hakupokelewa kwa shangwe. Mwaka 1954 alionesha kifaa chake hadharani Melbourne, wachache wakajali. Alichapisha kazi yake mwaka 1955, na bado watengenezaji wa vifaa walisitasita. Hakukata tamaa. Viwanda vidogo vya Melbourne vilianza kumtengenezea vipuri, na baadaye maabara za migodi, kilimo na hospitali duniani zikaifuata njia yake. Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1977, akafariki Agosti 1998 akiwa na miaka 81.

Kwetu hapa, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, yenye makao yake Dodoma, hupima sampuli za madini. Kutoka Kilosa ni safari ya treni tu. Ila tukumbushane: mashine husoma ulichoipelekea. Ukichagua kipande kimoja kinachong'aa, utapewa jibu la kipande hicho, si la shimo lako. Chukua vipande sehemu mbalimbali za mwamba, andika ulikovitoa, upime kwanza. Habari ya kukopa fedha za kuchimba ije baadaye.