Mtoto wa Einstein aliyeamua kupima mchanga wa mtoni

Ukisikia jina Einstein, anayekujia kichwani ni yule mzee wa nywele timtim. Lakini wahandisi wa mito na mabwawa wanamjua mwingine: Hans Albert, mtoto wake wa kwanza wa kiume.

Alizaliwa Bern, Uswisi, mwaka 1904. Alipofika miaka 10 wazazi wakatengana. Baba akabaki Berlin, mama yake, Mileva Marić, akarudi Zurich na watoto wawili. Kijana aliposema anataka uhandisi, mzee hakupenda kabisa. Mwaka 1927 alipomuoa Frieda Knecht, aliyemzidi miaka tisa, mzee alipinga tena. Hans Albert hakurudi nyuma, si kwa kazi wala kwa mke.

Alifanya kazi ya madaraja ya chuma Dortmund, Ujerumani, kisha akarudi Zurich kwenye maabara ya maji ya chuo alichosoma. Kilichowaumiza vichwa pale ni mto Rhine. Ukishuka kutoka milima ya Alps unabeba mawe na changarawe. Ukifika tambarare unaishiwa nguvu, unautua mzigo, sakafu ya mto inapanda, maji yanaingia mashambani. Sasa mzigo huo ni kiasi gani?

Nadharia ya zamani ilichukulia changarawe kama matabaka yanayoteleza moja juu ya jingine. Hans Albert aliona kitu tofauti. Kokoto inaruka, inatua, inakaa kimya, halafu inaruka tena. Kokoto moja huwezi kuitabiria, ila zikiwa nyingi unaweza kukokotoa uwezekano. Hiyo ndiyo ikawa shahada yake ya udaktari, 1936. Hesabu za namna hiyo baba mtu alishazitumia mwaka 1905, kwa chembe zinazotikisika ndani ya maji. Damu nzito!

Mwaka 1938 alihamia Marekani na familia. Miezi michache tu baadaye, mwanzoni mwa 1939, mtoto wao Klaus alifariki kwa dondakoo, akiwa na miaka 6.

Kazi ilikuwa Greenville, South Carolina, chini ya Wizara ya Kilimo, maana udongo wa mashamba ulikuwa unaishia mitoni. Mwaka 1940 yeye na wenzake walitenganisha mizigo miwili. Mchanga mzito unategemea nguvu ya mto. Tope laini linategemea kinachosombwa huko juu. Kwa hiyo ukitaka kujua bwawa litajaa tope lini, kupima kasi ya maji peke yake hakutoshi. Panda mlimani uangalie mashamba.

Mwaka 1947 alianza kufundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwaka 1950 akatoa kanuni yake kamili ya kukokotoa mzigo wa mto. Inasimuliwa kwamba baba yake alikiri aliwahi kuliwaza suala hilo ujanani, akaliacha kwa ugumu wake.

Alistaafu 1971. Julai 26, 1973 alifariki kwa maradhi ya moyo huko Woods Hole, Massachusetts, na ndiko alikozikwa.