Marey, mganga aliyewinda ndege kwa bunduki isiyo na risasi

Anayepiga leo picha ya ndege akiwa hewani hupanga kwanza mambo mawili kwenye kamera: mwanga uingie kwa muda mfupi kiasi gani, na picha ngapi zitoke kwa sekunde moja. Mfaransa Étienne-Jules Marey alipambana na maswali hayo mwaka 1882, na kamera yake ilikuwa na umbo la bunduki.

Marey alizaliwa tarehe 5 Machi 1830 huko Beaune, mji wa mvinyo mashariki mwa Ufaransa. Alitamani kuwa injinia. Baba yake akataka awe mganga. Baba alishinda, lakini nusu tu. Mganga huyo alijulikana zaidi kwa vyombo alivyovitengeneza, kama kile cha mwaka 1860 kilichoandika mapigo ya mshipa wa mkono juu ya karatasi.

Kisha akageukia ndege. Aliwafunga vyombo mwilini, akahesabu mapigo ya mabawa: shomoro 13 kwa sekunde, bata wa mwitu 9, njiwa 8. Lakini ndege aliyebebeshwa mzigo haruki kama ndege aliye huru. Na wakati ule watu waliota kutengeneza mashini ya kuruka bila kujua bawa linasukuma hewa kwa namna gani.

Mwishoni mwa 1878 aliona katika jarida la La Nature picha za farasi anayekimbia, kazi ya Eadweard Muybridge wa California. Akaomba zifanyike za ndege pia. Muybridge alifika Paris mwaka 1881 akiwa nazo, lakini hazikumridhisha Marey: hazikuwa wazi, wala hazikuonyesha hatua za bawa zikifuatana.

Basi akaitengeneza kamera mwenyewe, akiwa Naples, Italia. Lenzi ilikaa ndani ya mtutu. Nyuma yake kulikuwa na kioo chenye dawa ya picha, kikizungushwa na mashini kama ya saa. Marey alilenga ndege, akavuta kifyatulio, na kwa sekunde moja zikatoka picha 12, kila moja ikipata mwanga kwa sehemu ya 1/720 ya sekunde. Majirani waliomwona akilenga ndege siku nzima, asiue hata mmoja na bado arudi nyumbani akifurahi, walimdhania mwenda wazimu.

Kwa kweli bunduki hiyo haikutosha. Picha zilikuwa ndogo sana, ndege akionekana kama kivuli. Tena hesabu ilikataa: njiwa akipiga mabawa mara 8 kwa sekunde, picha 12 hazifiki hata mbili kwa kila pigo. Kasi ya kufungua na kufunga ilikuwa nzuri. Wingi wa picha ndio uliopungua.

Mwaka huohuo alifungua kituo cha utafiti karibu na Paris, pamoja na msaidizi wake Georges Demenÿ. Hapo alibadilisha mpango: ndege mweupe alipita mbele ya ukuta mweusi kabisa, na kioo kimoja kilichotulia kilipokea mwanga mara nyingi. Ndege mmoja akaonekana kama kundi, mabawa yakipanda na kushuka. Alimpiga hata kutoka juu na kutoka mbele, kisha mwaka 1887 akatengeneza sanamu za shaba za hatua hizo. Mwaka 1888 aliacha kioo, akatumia ukanda wa karatasi, miaka saba kabla ya ndugu Lumière kuonyesha sinema yao. Biashara ya sinema haikumvuta. Yeye alitaka kusimamisha mwendo ili aupime.

Kitabu chake juu ya kuruka kwa ndege kilitoka 1890. Kile cha awali, cha 1873 juu ya mwendo wa wanyama, kiliwafikia ndugu Wright huko Marekani. Hao waliruka kwa mashini yao tarehe 17 Desemba 1903. Marey alifariki Paris miezi mitano baadaye, Mei 1904.