Lumumba, karani wa posta aliyebadilika

Hapa Bambu, mkutano wa sendika ukichelewa kuisha, maneno ni yale yale. Vijana wanasema wazee wamepoa, wanaogopa kompanyi. Wazee wanajibu kwamba hata wao walikuwa moto, miaka itawapoza vijana vilevile. Mimi siamini kama ni miaka ndiyo inafanya ile kazi. Tuangalie Patrice Lumumba, aliyekomaa Stanleyville, ni kusema Kisangani, mji mkubwa wa jimbo letu la zamani.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 kule Onalua, katika Sankuru. Alisoma kwa misioni. Bado kijana kabisa alienda pande za Kindu, akapata kazi kwenye kompanyi ya madini. Ndugu wachimbaji, hiyo wengi wetu hatuijui.

Stanleyville akawa karani wa posta. Aliandika katika magazeti, akaongoza vyama vya wasomi na kile cha wafanyakazi Weusi wa Serikali. Mwaka 1954, baada ya kukataliwa kwanza, alipewa karata ya Mweusi anayehesabiwa karibu sawa na Mzungu mbele ya sheria. Mwaka 1955 mfalme Baudouin alipita Stanleyville, wakaongea. Wakati ule Lumumba hakudai uhuru. Alitaka Wabelgiji na Wakongomani wabaki pamoja, ila Mweusi aliyesoma apewe heshima.

Kisha buloko. Julai 1956, alipotoka kutembelea Ubelgiji, walimkamata juu ya franka za posta, zaidi ya 100,000. Alizichukua kweli, hakuna haja ya kuficha. Karani aliyetakiwa kuishi sawa na Mzungu alikuwa analipwa kama Mweusi. Na ndani ya buloko aliandika kitabu kizima, akiwa bado anaomba Wabelgiji watengeneze mambo pole pole. Kwa hiyo hata kifungo peke yake hakikumgeuza.

Alipotoka mwaka 1957 alienda Léopoldville, akauza bia ya Polar. Kazi hiyo ilimwingiza katika mabaa ya cité, kati ya watu wasio na karata yoyote. Mimi naona ni hapo alianza kusikia mambo ambayo meza ya posta haikumwonyesha. Oktoba 1958 alianzisha MNC pamoja na wenzake. Desemba akaenda Accra, akakutana na Nkrumah na watu wa nchi zingine za Afrika. Aliporudi alidai uhuru, na mbio. Alikuwa na miaka 33.

Mwisho wa Oktoba 1959, mkutano wa chama Stanleyville ulimalizika kwa fujo, watu wakauawa, yeye akarudishwa buloko. Januari 1960 walimtoa ili aende kwenye mazungumzo ya Bruxelles. Tarehe 30 Juni, mbele ya mfalme yule yule wa 1955, alikumbusha fimbo, matusi na kazi za lazima. Wazee waliotumikia Kilo-Moto hawakuhitaji mtu awafasirie.

Sasa mtazame Cyrille Adoula, mtu wa sendika kama sisi, aliyemzidi Lumumba miaka minne tu. Walianzisha MNC pamoja. Mwaka 1959 walitengana, na Agosti 1961 Adoula akawa Waziri Mkuu. Chini ya serikali yake, mwaka 1963, Bunge lilifungwa. Umri hauwezi kueleza tofauti hiyo. Kwangu mimi, mmoja alizidi kusikiliza watu wa cité, mwingine alizoea meza za wakubwa. Najua kuna wasomaji watanikatalia.

Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na miaka 35. Mwaka ule ule kitabu chake cha buloko kikachapishwa Bruxelles. Aliyekifungua kumtafuta mtu wa 30 Juni alimkuta bado karani wa 1956.